Mhitimu Mpya wa Miaka Kumi

Ndugu zangu, kabla sijasema lolote naomba kiti. Najua wenzangu waliotangulia wamezungumza wakiwa wamesimama, lakini miguu hii imeshasimama sana. Ahsante, mwanangu. Weka hapo hapo.

Assalamu alaykum kwa wanaoitikia, na wengine nawasalimu kila mtu kwa salamu yake. Leo tuna wageni kutoka Unguja na Ngazija, ndiyo maana nimeombwa niseme Kiswahili. Mimi hapa Mahajanga naishi kwa Kimalagasi. Nyumbani tulisema Kikomoro, na Kiswahili changu nimekiokota kwa bibi zangu na kwenye redio, kwa hiyo mtanivumilia. Halafu sitataja jina la mtu. Wengine wametangulia mbele ya haki, wengine wamo humu ndani na naona wameshaanza kuinamisha vichwa. Msiogope.

Wahitimu wetu wa mwaka huu wameketi mstari wa mbele. Mmoja anapiga gitaa, mmoja anachonga, yule wa pembeni ametoka shule ya upigaji picha. Jumuiya yetu itawapa mwaka mmoja wa chakula, mahali pa kufanyia kazi, vifaa, na mtu mzima wa kukaa nao. Nimetakiwa niwaeleze ilikuwaje mimi nilipopewa mwaka kama huo. Nadhani waandaaji walitaka niwatie moyo. Nitajaribu, ila nitasema kama ilivyokuwa.

Nilizaliwa hapa Mahajanga. Baba alifanya kazi bandarini na mama alishona kofia. Kisha zikaja zile fujo zilizowapata watu wetu wenye asili ya Komoro. Wazee mlio humu mnazijua. Baba hakurudi nyumbani. Hilo nalisema mara moja tu. Jamaa wengi walipandishwa meli wakapelekwa visiwani, visiwa ambavyo sisi watoto tulikuwa hatujaviona hata siku moja. Mama akasema yeye haendi mahali asipomjua mtu. Akanichukua mpaka Nosy Be, kisiwa cha nchi hii hii, kwa shangazi yake aliyekuwa akiishi kijiji cha Marodoka. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, nami ni msichana wa shule, mwembamba, sisemi na watu.

Kwa kuwa sikusema, nilichora. Mama na shangazi yake walitarizi mapazia na vitambaa vya meza. Mimi nikawachorea maua kwa penseli juu ya kitambaa, wao wakafuatisha kwa sindano. Wanawake wa jirani wakaanza kuniletea vitambaa vyao. Mwalimu wangu wa mjini Hell-Ville akayaona maua yale, akahangaika mpaka nikafanya mtihani wa kuingia shule ya sanaa huko mji mkuu. Nikafaulu. Ndugu zangu, nawaambia, siku ile Marodoka walipika kama vile naolewa.

Nilisomea uchoraji wa vitambaa vya kuchapwa. Wageni, nyinyi mna kanga. Sisi tuna lambahoany, kitambaa ndugu yake: kina mji, kina pindo, kina maneno. Mtu lazima akae achore vile vitu. Mimi nilikuwa nikijifunza kuwa mtu huyo. Nikahitimu, nikapewa cheti, nikapanda basi kuja hapa Mahajanga, kwa sababu hapa ndipo palipokuwa na kiwanda.

Mkuu wa uchapaji alinipokea vizuri. Alizitazama kazi zangu moja moja, akazirudisha kwenye mfuko kwa utaratibu.

"Binti, ni nzuri," akasema. "Lakini rangi haziingii nchini. Mashine nyingi zimelala. Hawa vijana unaowaona hapa wanafagia tu, na kesho sijui kama watafagia."

"Nije lini, baba?"

"Njoo mwakani."

Mwakani nikaenda. Akaniambia tena mwakani. Mara ya tatu sikumkuta, na mlinzi hakujua amekwenda wapi.

Nilikuwa nakaa kwa binamu yangu, nalala na watoto wake. Nilipaka rangi vibao vya maduka. Ndipo nikampata mwenye karakana ndogo ya kuchapa vitambaa. Akaniambia, "Utajifunza kazi kwanza. Malipo yatakuja ukishajua." Nikafurahi! Nyinyi vijana mnatikisa vichwa, naona mnamjua mtu wa namna hiyo. Bado yupo, amebadilisha nyumba tu. Nikakaa kwake msimu mmoja wa mvua na kiangazi kizima. Nilichora, nikaosha fremu, nikapika chai. Kila mchoro niliomaliza aliuchukua akasema hauna soko. Siku moja akaniambia hanihitaji tena.

Nilikubali. Nilidhani kweli hazina soko.

Baadaye kidogo binamu yangu aliitwa kusaidia upishi kwenye harusi, nami nikaenda naye. Mnazijua harusi zetu, akina mama wa upande wa bibi harusi wanavaa sare. Nimebeba sinia la wali, nainua macho, naona uwanja mzima umevaa mchoro wangu. Lile ua la mlangilangi lililofunguka nusu, jani lake limekunjwa kushoto. Niliuchora mkunjo ule mara nyingi mpaka ukakaa sawa. Sasa ulikuwa mgongoni mwa kila mama pale, unacheza.

Nikaweka sinia chini. Nikamwambia mama aliyekuwa karibu, "Mchoro huu ni wangu. Nimeuchora mimi."

Akanitazama, nguo yangu ya jikoni, mikono yangu ya mafuta. Akawageukia wenzake, "Jamani, njooni mumwone mwenye kitambaa chetu!" Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walikuwa na furaha yao. Mmoja akanipa soda. Nikainywa, nikachukua sinia langu.

Wiki iliyofuata nilikuwa Antsahampano, nangoja boti la kuvukia Nosy Be.

Sasa hapa ndipo ninapochoka kusimulia, kwa sababu hapana kitu. Watu hupenda kusikia mtu alivyoanguka kwa kishindo. Mimi sikuwa na kishindo. Nilipata kazi ya kufua shuka kwenye hoteli moja kule Ambondrona, nikafua. Mwaka ukapita, mwingine ukapita. Dawa ya kung'arishia nguo ikanila vidole mpaka ngozi ikapasuka kwenye viungo. Jioni nilirudi Marodoka, nikala, nikalala. Wanawake wakiniletea vitambaa niwachoree maua, niliwaambia macho yananiuma. Hayakuwa yakiniuma. Mama alinitazama tu. Mara moja akauliza, "Kalamu zako ziko wapi?" Nikamwambia nimewapa watoto wa jirani. Hakuuliza tena, na mimi nikashukuru kwamba hakuuliza.

Nilikuwa sijafika miaka thelathini wakati naanza kufua, na nilipokuja kutafutwa nilikuwa nimeshaipita kitambo.

Aliyenitafuta ndiye aliyeianzisha jumuiya hii na wenzake. Tulimwita Koko, yaani bibi, kwa Kikomoro. Alikuwa mshonaji wa hapa mjini. Yeye, mwalimu mmoja mstaafu wa muziki na seremala mmoja Mkatoliki walikuwa wamechoka kuwaona watoto waliosomea sanaa wanarudi nyumbani na vyeti kisha wanaishia kubeba magunia. Wakawaendea wafanyabiashara, wakaenda misikitini na makanisani. Wakapata darasa la shule lisilotumika, wakapata wali na samaki, wakapata mbao na rangi. Wakasema: tutachukua wahitimu wapya wachache kila mwaka.

Nilikuwa naanika. Asubuhi, jua limeshachomoza, kamba zote zimejaa shuka. Nikasikia mtu anakohoa upande wa pili wa shuka.

"Wewe ndiye mchoraji?"

"Mimi ni dobi, mama. Mlango wa wageni ni kule mbele."

"Nimepanda malori kutoka Mahajanga mpaka mgongo umekufa ganzi," akasema, "halafu unanielekeza mlango wa wageni?" Akainua shuka akapita chini yake. Mwanamke mfupi, mnene, viatu mkononi. "Kulikuwa na harusi. Ulisema mchoro ule ni wako. Wale akina mama niliwashonea nguo mimi. Mimi sikucheka siku ile, ila sikusema kitu pia. Nimekuwa nikikuulizia kwa binamu yako tangu tulipoanza jambo letu."

Akanieleza jambo lenyewe. Nilimsikiliza huku naendelea kubana shuka. Alipomaliza nikamwambia, "Koko, hilo ni la wahitimu wapya. Mimi nimehitimu miaka kama kumi iliyopita."

"Tangu uhitimu, umeianza hiyo kazi uliyosomea?"

Nikafikiri. "Sijaianza."

"Basi wewe ni mpya."

Ndugu zangu, nililia pale kwenye kamba, na sikulia kwa furaha. Nilikuwa nimeshazoea kwamba mambo yale yamekwisha. Kuzoea kule kulinigharimu sana, naye anakuja kunivurugia. Nilimwambia siendi. Yeye ndiye aliyekwenda Marodoka, akanywa chai na mama. Nilipofika jioni nikakuta mfuko wangu umeshafungwa.

"Nguo zako hizo," mama akasema. "Mimi nimechoka kukuona umekaa hapo."

Nikaja Mahajanga. Tulikuwa watatu mwaka ule wa kwanza: mimi, kijana mmoja mpiga kinanda cha mkono, na binti aliyetoka shule ya maigizo. Wenzangu walikuwa wadogo, wakaniita dada mkubwa.

Sasa nyinyi wa mstari wa mbele, nisikilizeni hapa. Nilipewa meza, nikapewa karatasi nzuri ambazo sikuwahi kuzigusa hata shuleni. Sikuchora. Mkono ulikuwa mzito, vidole vimekakamaa, na hata vilipolegea hapakuja kitu. Sheria ya jumuiya ilikuwa moja: mchana nyote mnakula pamoja, na kabla ya kula kila mmoja anaonyesha alichokifanya. Kijana anapiga kipande, binti anasema maneno yake, mimi naonyesha karatasi nyeupe. Wanaitazama kwa adabu. Halafu tunakula. Kesho yake hivyo hivyo.

Nilimwambia Koko, "Mnanilisha bure. Mlete mwingine."

Akanijibu akiwa anachambua mchele, "Mimi sijui kuchora. Sijui hata kama wewe unajua, maana nimeona ua moja tu maishani mwangu. Ila meza ni yako mpaka mwaka uishe."

Katikati ya mwaka yule kijana wa kinanda akaondoka. Kuna watu walimwambia huko Maore, kisiwa cha ng'ambo, kuna kazi kwenye mahoteli. Alivuka baharini usiku bila kuaga, hatukupata habari zake tena. Mama yake alikuja mara kadhaa kukaa kwenye benchi lake. Tulimpa chakula.

Baada ya hapo wafanyabiashara walioisaidia jumuiya wakaanza kunung'unika. Mmoja akamwambia Koko mbele yetu, "Mmoja amekimbia, mmoja anaonyesha karatasi tupu. Mwisho wa mwaka tutaona nini? Kama hakuna kitu cha kuonyesha watu, mama, mwakani usije dukani kwangu." Ikawa basi. Nikiondoka mikono mitupu, mlango unafungwa kwa wengine ambao hata siwajui.

Koko akaamua kwamba kinachonizuia ni yule mwenye karakana. Akasema twende tukadai. Akavaa nguo zake za Ijumaa, tukaenda mchana wa jua kali. Yule bwana alikuwa amenenepa. Hakunitambua.

"Huyu ndiye aliyechora ua la mlangilangi ulilouza mji mzima," Koko akasema. "Tunataka ukubali hivyo tu. Sema ni lake."

"Mama yangu, hapa wamepita wasichana wengi. Kila mmoja anasema ua ni lake." Hakusema kwa hasira. Alikuwa na wateja. Akatuomba tupishe mlango.

Tukatoka. Mbele kidogo kulikuwa na duka limefungwa, tukakaa barazani. Koko akavua viatu, akajipepea na ncha ya mtandio.

"Nilipanga cha kusema akikubali," akasema mwishowe. "Nilikariri tangu jana. Akikataa, sikupanga."

Nikacheka. Sijui kwa nini. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, naye akanitazama kwa hasira, kisha na yeye akacheka, watu wanapita wanatuona tumekaa barazani kama wendawazimu. Na katikati ya kicheko kile nikaona jambo. Miaka yote ile nilikuwa namngoja yule bwana. Pale kwenye kamba za Ambondrona nilikuwa namngoja. Nilikuwa nimeweka kalamu chini mpaka atakapokubali, na yeye hata sura yangu haijui. Hatakubali leo, hatakubali nikifa. Na alikuwa na wateja.

"Twende, Koko," nikamwambia. "Kuna kazi."

Siku iliyofuata nilichora vibanio vya nguo. Ndiyo, cheka tu, mwanangu. Ndicho kitu ambacho macho yangu yalikijua kuliko kingine chochote. Vibanio vya mbao vimejipanga kwenye pindo kama ndege, na katikati mji, shuka nyeupe zimejaa upepo, nyuma yake rangi ya udongo mwekundu. Mchana nikaonyesha karatasi yangu. Yule binti wa maigizo akaacha kijiko. Koko akauliza, "Hivi ni nini?" Nikamwambia. Akasema, "Nani atavaa vibanio?" Mwalimu wa muziki akasema, "Mimi nitamnunulia mke wangu." Tukala.

Seremala alitengeneza fremu za kuchapia, tukachapa wenyewe darasani wakati wa likizo. Koko alishikilia jambo moja tu, kwamba jina langu likae kwenye pembe ya pindo, wazi, lisomeke na mtu aliye upande wa pili wa barabara. Tulibishana. Nilitaka liwe dogo. Alishinda yeye.

Siku ya kuonyesha, binti alicheza igizo lake peke yake, akaigiza watu wote, na benchi la kijana wa kinanda akaliweka jukwaani tupu. Mama wa kijana yule alikuwepo. Kisha vitambaa vyangu vikatundikwa. Wanawake walivisogelea, wakavishika, mmoja akapiga kelele, "Kumbe vibanio!" Basi ikawa kila anayefika anaambiwa, njoo uone vibanio. Vilikwisha mchana ule ule. Yule mfanyabiashara aliyenung'unika alikuja akachelewa, akakosa, akanung'unika tena.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Nosy Be. Aliupitisha mkono kwenye pindo lote, kama alivyokuwa akikagua tarizi zake.

"Hapa umepinda," akasema.

"Najua, mama."

Akajifunga kitambaa kile juu ya nguo aliyovaa, akatoka nacho barabarani.

Ningeweza kuishia hapo, na mngekwenda nyumbani mmefurahi. Lakini nimesema nitasema kama ilivyokuwa. Nilipata kazi za kuchora kwa miaka kadhaa, alhamdulillahi, nzuri tu. Halafu vitambaa vya kuchapwa vikaanza kuingia kutoka nje, vya bei ya chini, na wachapaji wa hapa wakafunga mmoja baada ya mwingine. Leo nachora mabango, nachora sare za shule na kadi za harusi, nafundisha siku mbili kwa wiki. Sikuwa mtu mkubwa. Binti wa maigizo ana kikundi chake, watoto wa shule wanamjua. Koko alifariki akiwa anashona. Mama naye amekwenda. Na jumuiya hii kila mwaka inakaribia kufa, kila mwaka tunazunguka tena madukani tukiomba mchele. Nimechoka kuomba mchele, sitawaficha.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru Koko na wenzake wawili. Nawashukuru wanaopika mpaka leo bila kuuliza kitambaa kiko wapi, na nyinyi wenye maduka, pamoja na manung'uniko yenu, maana mnanung'unika lakini mnatoa. Namshukuru mama yangu aliyenifungia mfuko.

Mliokuja kutoka Unguja na Ngazija mkitaka kuanzisha jambo kama hili, nawaomba kitu kimoja. Kijana akikuonyesha karatasi tupu, mpe chakula na umwambie arudi kesho. Msimharakishe. Kazi ya mikono inachelewa kurudi kuliko mtu mwenyewe. Na nyinyi vijana, msikae kumngoja aliyewadhulumu awape ruhusa ya kuanza. Nilimngoja mimi, inatosha.

La mwisho, kisha nimemaliza. Asubuhi ya leo mmoja wa hao wa mstari wa mbele alinijia uani, akaniambia ameshafunga vitu vyake, anataka kurudi kwao kabla mwaka haujaanza, kwa sababu hana kipaji kama wenzake. Nilimwambia, nisikilize kwanza, ukitoka katikati ya maneno yangu sitakuita.

Sitasema ni nani. Ila nimekuwa nikiutazama mlango muda wote huu nikiongea, na hakuna aliyetoka.

Ahsante, mwanangu. Nishike mkono niinuke.